RF au Anti-CCP: Kipimo Kipi cha Damu Kinafaa Zaidi Baridi Yabisi Inaposhukiwa?

Mtu mzima anayeamka kila asubuhi vidole vikiwa vimevimba na kukakamaa, akahitaji saa nzima au zaidi kabla ya kuweza kufunga vifungo vya shati, mara nyingi hutoka kwa daktari akiwa na karatasi ya maabara iliyojaa herufi: RF, anti-CCP, ESR, CRP, na wakati mwingine ASOT na asidi ya yuriki juu yake. Mwenye bima nzuri hupimwa vyote bila kuuliza. Anayelipa kutoka mfukoni hufika dirisha la malipo, akatajiwa jumla, na hapo ndipo anapoanza kuuliza ni kipi kinachoweza kuachwa.

Ulinganisho huu unahusu hasa RF na anti-CCP, kwa sababu hivyo viwili ndivyo vinavyotafuta alama za baridi yabisi yenyewe, yaani ule ugonjwa ambamo kinga ya mwili huugeukia utando laini wa ndani ya viungo, utando huo ukavimba, na hatimaye gegedu na mfupa vikalika. Vipimo vingine vitaguswa pale tu vinapohusika. Niseme msimamo wangu mapema: pale ambapo viungo vidogo vya mikono au miguu vimevimba kweli na fedha inatosha kipimo kimoja, anti-CCP ndicho cha kulipia. Hata hivyo kuna mazingira ambamo RF inatosha, na yako mengi zaidi ambamo hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachostahili kupimwa.

Kila kimoja kinatafuta nini

RF (kifupi cha Kiingereza cha rheumatoid factor) ni kingamwili inayoshambulia kingamwili nyingine. Kwa kawaida kingamwili hutengenezwa ili kuwashika wadudu wa maradhi, lakini hii hujishikiza kwenye mkia wa kingamwili za mwili wenyewe za aina ya IgG. Erik Waaler wa Norway aliieleza hali hiyo mwaka 1940, na Harry Rose na wenzake wakaifikia upya nchini Marekani mwaka 1948; siku hizo kipimo kilifanywa kwa chembe nyekundu za damu ya kondoo. Mwaka 1956 Jacques Singer na Charles Plotz walizibadilisha chembe hizo kwa punje ndogo sana za lateksi, na njia yao ndiyo inayotumika mpaka leo katika maabara nyingi ndogo.

Ni vyema msomaji ajue kinachofanyika huko, kwa kuwa ndicho kinachoeleza namna majibu yanavyoandikwa. Mtaalamu wa maabara hudondosha tone la seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikiganda, juu ya kibao cheusi, akaongeza tone la lateksi iliyo nyeupe kama maziwa, akayachanganya kwa kijiti, kisha akakizungusha kibao polepole kwa dakika mbili huku akitazama chini ya taa. Weupe ukibaki laini, jibu ni hasi. Ukikatikakatika na kuwa chengachenga, jibu ni chanya, na seramu hupunguzwa makali hadi nusu, kisha hadi robo, kisha hadi sehemu ya nane, ili ionekane chengachenga hizo zitaendelea kutokea hadi wapi. Mtaalamu akiitwa pembeni na kurudi dakika kadhaa baadaye, tone litakuwa limeanza kukauka kingoni na kufanya punje zinazoweza kusomwa kuwa chanya ilhali si chanya. Katika maabara kubwa kazi hiyo hufanywa na mashine, na jibu hutoka kwa tarakimu badala ya neno moja.

Anti-CCP ni kizazi cha baadaye. Ndani ya uvimbe wowote mwilini, vimeng'enya fulani huibadilisha asidi amino iitwayo arijinini kuwa sitrulini, na protini iliyoguswa hubadilika umbo. Mabadiliko hayo hutokea kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba kinga ya baadhi ya watu, hasa wenye aina fulani za jeni na wale wanaovuta sigara, huiona protini hiyo kuwa ngeni na kuitengenezea kingamwili, nayo ndiyo anti-CCP. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi, wakiwemo wa kundi la Walther van Venrooij mjini Nijmegen, walionyesha kwamba sitrulini ndiyo inayolengwa, na miaka michache baadaye kipimo cha kizazi cha pili kikaanza kuenea duniani. Kipimo hiki kwa kawaida huhitaji mashine na vitendanishi vya bei. Ndiyo sababu hospitali ndogo hutuma damu kwenye maabara kubwa, na mgonjwa akalipa mara kadhaa ya bei ya RF na kusubiri siku kadhaa badala ya saa moja.

Tarakimu zinasema nini

Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2007, uliojumlisha tafiti nyingi, ulikuta kwamba RF huwanasa wagonjwa wapatao 69 kati ya kila 100 wenye baridi yabisi, na anti-CCP huwanasa 67. Kwa upande huo vipimo hivi ni ndugu, na anayedhani anti-CCP huona wagonjwa wengi zaidi amekosea. Tofauti iko upande wa pili, kwa watu wasio na ugonjwa: kati ya kila 100 wa aina hiyo, RF huwapa jibu sahihi la hasi watu 85, na anti-CCP huwapa watu 95. Yaani RF huwatia hofu watu 15 wasio na ugonjwa, na anti-CCP watu 5.

Pengo la watu kumi laweza kuonekana dogo mpaka lihesabiwe katika kliniki. Tuchukue watu 1,000 wenye maumivu ya viungo waliochujwa vizuri na daktari, na tukadirie kuwa 100 kati yao wana baridi yabisi kweli. RF itatoa chanya kwa wagonjwa 69 na kwa wasio wagonjwa 135, hivyo kati ya majibu 204 ya chanya, theluthi moja tu ndiyo ya kweli. Anti-CCP itatoa chanya kwa wagonjwa 67 na kwa wasio wagonjwa 45, hivyo majibu sita kati ya kumi yatakuwa ya kweli. Sasa tuchukue watu 1,000 ambao hawakuchujwa, kila mwenye maumivu ya mgongo, ya goti au ya bega, na wenye ugonjwa wawe 10 tu. RF itawapata 7 na kuwasingizia karibu 150. Anti-CCP itawapata 7 hao hao na kuwasingizia karibu 50. Kipimo ni kile kile, maabara ni ile ile, lakini jibu la chanya limepoteza karibu thamani yake yote kwa sababu ya aina ya watu waliopelekwa kupimwa. Kwa maoni yangu, vile vifurushi vya uchunguzi wa afya vinavyojumuisha RF kwa mtu asiye na kiungo hata kimoja kilichovimba vinauza wasiwasi.

Mambo yanayokipotosha kipimo katika mazingira yetu

Orodha ya maradhi yanayoweza kuifanya RF iwe chanya ni ndefu, na Afrika Mashariki ina mengi kati yake. Homa ya ini aina ya C ndiyo inayoongoza kwa sifa hiyo, na aina ya B nayo imo. Kifua kikuu, ukoma, kaswende, malaria, kichocho na maambukizi ya vali za moyo yote yanaweza kuileta. Lupasi huileta, na vilevile ugonjwa wa Sjögren unaokausha macho na kinywa. Hata umri peke yake unatosha: kadiri mtu anavyozeeka ndivyo uwezekano wa kuwa na RF chanya dhaifu bila ugonjwa wowote unavyoongezeka. Bibi mwenye miaka 70, magoti yaliyosagika na RF iliyopita mpaka kidogo, mara nyingi ana magoti yaliyosagika tu.

Anti-CCP haipotoshwi kirahisi hivyo, lakini ina shimo moja ambalo kwetu si dogo. Baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu kilicho hai huwa na anti-CCP chanya bila kuwa na baridi yabisi. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana kwenye karatasi, kwa kuwa dawa nyingi za baridi yabisi hupunguza nguvu ya kinga, na mtu mwenye kifua kikuu kilichojificha akianzishiwa prednisoloni au dawa nyingine za kushusha kinga anaweza kuzidiwa vibaya. Kwa hiyo mwenye anti-CCP chanya ambaye pia anakohoa kwa wiki kadhaa, anatoka jasho usiku au amepungua uzito anapaswa kuchunguzwa kifua kwanza, hata kama vidole vyake vimevimba.

Upande wa pwani kuna jirani mwingine wa kuzingatiwa, nao ni chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ambao ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na ambao uliwapiga watu wa Lamu na Mombasa mwaka 2004, kisha Mombasa tena mwishoni mwa 2017. Homa yake huisha ndani ya siku chache, lakini maumivu na uvimbe wa viungo huweza kuendelea kwa miezi, tena pande zote mbili za mwili na katika viungo vidogo, sawasawa na baridi yabisi. Katika hali hiyo historia ya homa kali ya ghafla, na majirani waliougua wakati mmoja, humsaidia daktari kuliko RF.

Jibu hasi halimtoi mtu hatiani

Ukirudi kwenye tarakimu za mwanzo utaona kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hukosa RF, na mmoja kati ya watatu hukosa anti-CCP. Makundi hayo mawili hayalingani kabisa, hivyo kupima vyote viwili huwapata baadhi ya wale ambao kimoja kiliwapita. Hata hivyo hubaki wagonjwa wenye majibu hasi pande zote ambao viungo vyao vinaharibika vivyo hivyo. Kumrudisha mtu nyumbani na dawa ya maumivu kama diklofenaki kwa sababu tu RF ilisoma hasi, wakati ngumi yake haifungi, ni kumchelewesha katika ugonjwa ambao miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa kwa matibabu.

Hapa vigezo vilivyotolewa mwaka 2010 na vyama vya wataalamu vya Marekani na Ulaya, ACR na EULAR, vinasaidia kuweka kila kitu mahali pake. Viliandikwa hasa kwa ajili ya tafiti, lakini madaktari wengi huviegemea. Jumla ni pointi 10, na anayefikisha 6 huhesabiwa kuwa na baridi yabisi. Idadi na ukubwa wa viungo vilivyoathirika huleta hadi pointi 5. Kingamwili katika damu hadi 3. ESR au CRP, vipimo vya uvimbe mwilini, ikipanda 1. Na dalili zilizodumu wiki 6 au zaidi 1. Katika hesabu hiyo RF na anti-CCP hupewa uzito ule ule: chanya dhaifu ya chochote kati yao ni pointi 2, na chanya kali, yaani inayozidi mara tatu ya mpaka wa juu wa kawaida, ni pointi 3. Kuwa na zote mbili hakuongezi pointi, ijapokuwa madaktari hujua kwamba mgonjwa mwenye zote mbili, tena kwa kiwango cha juu, yuko katika hatari kubwa zaidi ya mifupa kulika mapema.

Mambo mawili yanajitokeza humo. Mtu mwenye viungo zaidi ya kumi vilivyoathirika, hata kama kati yake kiungo kidogo ni kimoja tu, kwa zaidi ya wiki 6, amefikisha pointi 6 bila damu yake kuguswa, ilimradi hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza uvimbe huo. Na mtu mwenye anti-CCP kali sana lakini asiye na kiungo hata kimoja kilichovimba hahesabiwi kabisa, kwa kuwa vigezo vyenyewe huanza na sharti la kiungo kimoja kilichovimba. Huyu wa pili yupo kweli duniani: utafiti wa damu zilizohifadhiwa za wachangiaji wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba karibu nusu ya waliokuja kuugua walikuwa na RF au anti-CCP katika damu kabla ya dalili, kwa wastani miaka minne na nusu kabla. Anayegundua jambo hilo kwa bahati hana dawa ya kuanza kumeza siku hiyo. Ana sababu ya kuacha sigara, kutunza fizi na meno, na kurudi haraka uvimbe ukitokea.

ESR na CRP haviko katika shindano hili

Mara nyingi mgonjwa huona ESR imepanda akadhani ndiyo ushahidi wa baridi yabisi. ESR na CRP hueleza kwamba kuna moto mwilini, lakini hazisemi unawaka wapi wala nani aliyeuwasha. Nimonia huzipandisha, na jipu pia. Faida yake ni katika kufuatilia, kwani hushuka matibabu yakishika, jambo ambalo anti-CCP hailifanyi vizuri. Kati ya hizo mbili, ningechagua CRP pale inapopatikana. ESR hupandishwa na upungufu wa damu, ujauzito na umri, na kwa mwenye selimundu hufanya kinyume, ikabaki chini hata uvimbe ukiwa mkali, kwa sababu chembe zenye umbo la mundu hazipangiki vizuri zikazama. Katika nchi ambamo upungufu wa damu na selimundu ni mambo ya kila wodi, hilo si jambo la pembeni.

ASOT nayo inafaa kuondolewa katika mkanganyiko huu. Inaonyesha tu kwamba mtu alipata maambukizi ya bakteria wa koo siku za karibuni, na umuhimu wake ni kwa mtoto anayeshukiwa kuelekea kwenye ugonjwa wa moyo unaofuata maambukizi hayo. Kwa mama wa miaka 45 mwenye vidole vilivyovimba, fedha ya ASOT ingesaidia kulipia anti-CCP. Asidi ya yuriki ni ya kutafuta jongo, na ina maana zaidi kwa mwanamume ambaye kidole gumba cha mguu kilimwamsha usiku kwa maumivu.

Kuchagua kulingana na hali ya mtu

Kwa mtu mzima mwenye viungo vidogo vilivyovimba kwa wiki kadhaa na kukakamaa asubuhi kwa muda mrefu, anti-CCP ije kwanza, pamoja na CRP. Fedha ikiruhusu, RF iongezwe. Pale ambapo anti-CCP haipatikani bila safari ya mbali, RF ya kibaoni si ya kudharauliwa: ikiwa kali, kwa mtu ambaye viungo vyake tayari vinaeleza ugonjwa huo, inatosha kuandika rufaa bila kusubiri.

Kwa ambaye RF yake tayari imeonekana chanya dhaifu na dalili zake zina utata, anti-CCP ndiyo ya kuamua, kwani kuirudia RF hakutamwambia jambo jipya. Hapo pia ni busara kupima homa ya ini aina ya B na C, vipimo ambavyo vingehitajika kwa vyovyote kabla ya kuanza methotreksati, dawa ya baridi yabisi.

Kwa mwenye goti moja au magoti mawili yanayouma akipanda ngazi na kutulia akipumzika, na ambaye akiamka hukakamaa kwa dakika kumi tu, hakuna hata kimoja kinachohitajika. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kiuno peke yake. Kwa mtoto, majibu yasomwe kwa tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu watoto wengi wenye ugonjwa wa viungo wa muda mrefu huwa na RF hasi na anti-CCP hasi. Kipimo kwa mtoto husaidia kupanga aina ya ugonjwa, wala hakiwezi kuuondoa.

Anayetumia dawa za maumivu hahitaji kuziacha kabla ya kupimwa kingamwili, na wala hahitaji kufunga kula. Aliyekwisha kumeza prednisoloni au deksamethasoni ya duka la dawa amwambie daktari, kwa kuwa dawa hizo huushusha uvimbe na CRP kwa pamoja, na kiungo kikaonekana kizima siku ya uchunguzi. Vidonge vya biotini vya kukuza nywele na kucha navyo vitajwe, maana dozi kubwa huvuruga baadhi ya mashine zinazosoma anti-CCP.

Majibu yakitoka, jambo la kutazama kabla ya neno chanya au hasi ni mpaka wa kawaida uliochapishwa kando yake, kwa kuwa kila maabara hutumia mpaka wa kitendanishi chake. Anti-CCP ya 40 katika maabara ambayo mpaka wake ni 20 ni chanya dhaifu; 40 hiyo hiyo katika maabara yenye mpaka wa 7 ni chanya kali, na tofauti hiyo ni pointi nzima katika vigezo vya 2010. Karatasi ambayo haina mpaka huo irudishwe dirishani uandikwe, hasa kama mgonjwa anakwenda kuonana na daktari wa hospitali nyingine.